Kikombe cha Siku ya Sita

Mlioniuliza pale barazani safari ilikuwaje, niliwajibu "ya kawaida tu" nikageuza mazungumzo. Haikuwa ya kawaida. Ila nikisimulia kwa mdomo, Shafii ataniingilia kabla sijafika Ngaramtoni, na mtacheka, na mimi nitacheka, na tutakuwa hatujasema kitu. Kwa hiyo nimeandika. Huku karatasini Shafii hana pa kuingilia.

Kwa asiyejua, mimi naitwa Bwana Nne. Jina langu ni Idrisa, ila jina hilo siku hizi analitumia mama tu. Mwaka jana nilianza kufunga sita za Shawwal, zile siku sita za sunna baada ya Idi, nikafika ya nne. Kazi yangu mnaijua, napika chapati kwenye mgahawa wa Olasiti. Siku ile ya nne saa tisa alasiri nilijikuta nina nusu chapati mdomoni, na siwezi kusema nilisahau, kwa sababu niliipaka na mchuzi kwanza. Nikamweleza Shafii kwa siri. Kabla ya isha baraza zima linajua. Mpaka kinyozi wetu, ambaye ni Mkatoliki, ananiita Bwana Nne na hajui maana yake.

Mwaka huu nikasema nazimaliza zote kwa mfululizo, toka siku ya pili baada ya Idi. Sikuapa, namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini nilitaka kweli. Nilikuwa nikikanda unga naona namna nitakavyofika barazani siku ya saba, nikae, niagize kahawa, nisubiri mtu aulize.

Nikiwa kwenye ya nne ndipo ikaja simu ya mjomba Lomayani kutoka Oldonyo Sambu. Mama yangu ni Mwarusha wa huko. Aliolewa na marehemu baba, Mrangi wa Kondoa, akasilimu, na toka mwaka ule hakukanyaga tena kwao. Nilijua kuna ugomvi kati yake na Koko, yaani bibi yangu. Kilichokuwa ndani ya ugomvi sikukijua. Sasa mjomba anasema macho ya Koko yamekwisha, na anataka kumshika mtoto wa Naserian kabla hajaondoka duniani. Naserian ndiye mama, jina lake la zamani.

Mama alikata simu, akanikalisha karibu yake.

"Nenda wewe kwanza," akaniambia. "Ukaangalie kama mlango uko wazi. Ukikuta uko wazi, na mimi nitakwenda. Ukikuta umefungwa, basi, tutakuwa tumejua."

"Sawa, mama."

"Na ukipewa kitu na bibi yako usikatae. Na usifunge safari hii, wewe ni msafiri."

"Msafiri wa Oldonyo Sambu?" nikacheka. "Asubuhi nimeondoka, jioni nimerudi. Kesho ni ya tano, mama. Nikivunja hapa, Shafii ataniua kwa maneno."

Aliniangalia kama anataka kuongeza kitu, halafu akaenda kukunja nguo. Kuhusu kupewa vitu nilifikiri anasema mbuzi, au kuku.

Olasiti hadi Ngaramtoni

Niliondoka baada ya alfajiri na begi moja: shuka jekundu la Koko, sukari, majani ya chai, na chapati kumi nilizozipika kabla ya daku. Chapati ndizo zilizonitesa. Ukiwa umefunga na umebeba chapati za moto mgongoni, ni kama umebeba mtu anayekuita jina lako taratibu.

Nilipata lifti kwenye lori la pumba za ng'ombe. Dereva ni Mzee Massawe, Mchaga wa Machame, mteja wangu wa kila siku. Anakula chapati tatu na chai ya tangawizi, na anadai mimi nikifungua mgahawa wangu mwenyewe yeye atakuwa wa kwanza kukaa. Mgahawa huo nimeshauona kichwani, una mlango wa kioo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Panda. Fungua hiyo droo, kuna ndizi za kuchoma."

"Nimefunga, mzee."

"Umefunga nini? Si mlishakula sikukuu? Mimi mwenyewe nilikula pilau kwa jirani."

Nikamweleza habari ya siku sita. Akatikisa kichwa mpaka tukapita taa za barabarani.

"Aisee. Yaani mwezi mzima, halafu unaongeza. Mimi Kwaresma nilisema naacha bia. Nikafika Jumatano."

"Jumatano gani?"

"Ileile ya majivu. Jioni."

Basi kila tuliposimama akawa ananitangaza. Kwa muuza vocha, kwa askari wa barabarani, kwa mtu aliyekuja kuuliza bei ya pumba. Ngaramtoni alishuka kunywa chai, akamwambia mama muuza chai, "Huyu kijana mwonyeshe tu kikombe, usimpe, amefunga huyu. Na si kwa kulazimishwa."

"Pole, mwanangu," yule mama akasema. "Na jua hili."

Nikainamisha macho kama mtu asiyependa kusifiwa, huku masikio nimeyatega. Niwaambie ukweli, njaa ilipungua palepale. Nilidhani ni imani.

Belti ya kwanza na belti ya pili

Hatukufika mbali kutoka Ngaramtoni. Lori lilitoa harufu ya mpira ulioungua, Mzee Massawe akaliweka pembeni, akafunua, akasema feni belti imekatika. Akampigia fundi wake mjini, fundi akasema belti inakuja na bodaboda, nusu saa tu.

Ilikuja baada ya saa mbili, nayo ilikuwa ndefu. Ikarudi. Tukasubiri ya pili.

Pale hakuna kivuli isipokuwa cha lori lenyewe, na kivuli cha lori kinahama. Upepo unashuka kutoka mlimani umebeba vumbi, vumbi linaingia kwenye kope, kwenye meno. Niliswali adhuhuri kwenye gunia la pumba. Nilikaa, nikasimama, nikakaa. Mlima Meru ulikuwa mbele yetu umejifunika mawingu kama mtu asiyetaka kuombwa kitu. Nilichoka bila kufanya kazi, na huko ndiko kuchoka kubaya.

"Njoo ushike hapa," Mzee Massawe akaniita kutoka chini ya boneti. Nikashika. Baada ya muda akaniita tena. Mara ya tatu nikamjibu, "Mzee, kwani hukuiangalia hiyo belti kabla ya kutoka?"

Nililisema kwa sauti ambayo mtu hasemi nayo kwa baba yake. Alinitazama, uso wote umejaa grisi.

"Niliiangalia. Ilikuwa nzima. Shika hapa."

Tulipomaliza alifuta mikono kwa tambara, akafungua ile droo, akatoa ndizi, akaniangalia, akazirudisha.

"Hutakula, mzee?"

"Nile peke yangu mbele yako? Tutakula wote jua likizama."

Mtu huyo alikuwa na chai tu tumboni toka asubuhi, kutwa nzima ameinama kwenye injini, na hakuna mtu aliyemtangaza popote. Siku ile sikuliona hilo. Naliona sasa ninapoandika, na linaniuma kidogo.

Oldonyo Sambu, kwa muuza kamba

Belti ya pili ilikubali alasiri ikiwa imekwisha. Tulifika Oldonyo Sambu jua linazama, tukala ndizi moja moja tumesimama, Mzee Massawe akaniacha mbele ya msikiti mdogo wa mabati karibu na mnada wa mifugo. Kwenda kwa Koko kwa miguu saa hiyo haikuwezekana. Nikampigia mjomba kumwambia nitafika kesho. Akasema, "Alikuwa amekaa mlangoni toka asubuhi." Nikamwomba radhi.

Msikitini nilipokewa na Mzee Salimu, mzee mwembamba wa Kondoa anayeuza kamba na kengele za ng'ombe mnadani. Alinisogezea sinia yake. Tende, uji wa mtama, viazi vya kuchemsha. Nilikula kama mtu anayekimbizwa. Tumbo lilipotulia nikaona ni wakati wa kusema.

"Leo ilikuwa ya tano, mzee. Kesho namaliza sita."

"Nipitishie chumvi," akasema.

Nikampitishia. Nikasubiri. Akanyunyizia kiazi chumvi, akala.

"Unakwenda kwa nani huko juu?"

"Kwa bibi yangu, mzaa mama. Hajawahi kunishika."

"Anajua unakwenda?"

"Anajua. Alinitegemea leo."

"Basi kuna kitu amekuwekea."

"Nitakula jua likizama, mzee. Si mbali."

Akamenya kiazi kingine bila haraka. "Shawwal imebaki siku ngapi?"

"Wiki tatu hivi."

"Nyingi," akasema, akainuka kwenda kuadhini isha.

Nilikasirika kidogo. Mtu umepigwa jua kutwa nzima na lori bovu, angalau "Mungu akutie nguvu" ingetosha. Nikajiambia mzee wa watu kachoka. Aliyechoka ni mimi. Asubuhi aliniamsha kwa daku, akaona ukanda wa ndala yangu umekatika, akanikatia kipande cha kamba, akaufunga mwenyewe kwa fundo lile la kufungia ndama. Hakusema kitu kuhusu saumu yangu, wala mimi sikumkumbusha.

Kwa miguu, kwa Laizer ambaye si wetu

Mjomba alikuwa amenielekeza: acha barabara kubwa, fuata njia ya punda, ulizia boma la Laizer. Upande huo wa mlima ni mkavu, mavumbi laini kama unga wa ngano uliochekechwa mara mbili. Unakanyaga, mguu unazama, unautoa, unazama. Nikakutana na mama mmoja na punda wake watatu waliobeba madumu ya maji. Nikamsalimia, nikauliza.

"Laizer? Hapo tu," akasema, akanyoosha mdomo kuelekea mlimani.

Hapo tu ilinichukua saa mbili na nusu. Nilipofika nilikuta mbuzi wote wamefungiwa zizini na wazee wanne wamekaa kwenye mawe wananingojea. Walisimama. Nikafurahi, nikasema moyoni, kumbe wananipenda hivi. Nikainamisha kichwa, mzee wa kwanza akanigusa utosini, wa pili, wa tatu, wa nne.

"Umechelewa," akasema mkubwa wao. "Dawa iko wapi?"

"Dawa gani, mzee?"

"Ya mbuzi. Si wewe bwana mifugo wa chanjo?"

"Hapana, mzee. Mimi mpika chapati."

Wakatazamana. Mmoja akaomba aone ndani ya begi, labda ninawatania. Nikafungua. Wakainama wote wanne.

"Sasa hizi," akasema yule mkubwa, "tuwachome nazo sindano wapi?"

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Na mimi nikacheka, ingawa midomo ilikuwa imekauka, ikapasuka. Ndipo nikajua Laizer huko ni ukoo, na kila kilima kina Laizer wake. Wangu ni Laizer wa karibu na kanisa, chini kule nilikopita asubuhi. Niliwaachia chapati nne kwa kuwa niliwaonea huruma, walikuwa wamezuia mbuzi wasiende malishoni toka asubuhi kwa ajili ya mtu asiyekuja. Walitaka kunipa maji ya njiani. Nikawaambia nimefunga. Mzee mkubwa akasema, "Pole," akanishika bega. Nikaisikia ile "pole" mpaka chini kwenye bonde.

Kushuka ni kubaya kuliko kupanda. Kidole gumba kinagonga mbele ya ndala kila hatua, na kamba ya Mzee Salimu ilinikata ngozi. Nilipumzika mara nyingi. Kila nikikaa naangalia tambarare ile chini, nauweka mgahawa wangu pale katikati, mlango wa kioo, wafugaji wameegesha fimbo nje, halafu nainuka tena. Nilikuwa nahesabu masaa ya jua kama mtu anayehesabu vidonge vilivyobaki.

Kwa Koko

Nilifika alasiri. Boma dogo, nyumba moja ya mabati na moja ya udongo, zizi la miiba. Mjomba Lomayani alinipokea getini, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Koko alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni. Mdogo kuliko nilivyodhani. Macho yake yamekuwa meupe kama maziwa yaliyotiwa maji.

Nikapiga magoti, nikainamisha kichwa. Aliweka mkono utosini na hakuuondoa. Ukashuka kwenye paji la uso, pua, masikio. Akasema kitu kwa Kimaasai.

"Anasema masikio ni ya Naserian," mjomba akatafsiri.

Koko Kiswahili anakisikia, kukisema anachagua. Alinikalisha karibu, akaita, mke wa mjomba akaleta kibuyu kirefu na kikombe cha bati chenye maua ya bluu yaliyochubuka. Koko alikitikisa kibuyu mwenyewe, akamimina mwenyewe, kidole chake kiko ndani ya ukingo wa kikombe kupima ujazo. Hakumwaga hata tone. Maziwa mgando, mazito, yana harufu ya moshi wa kijinga cha moto wanachofukizia vibuyu. Mjomba aliniambia Koko aliyaweka siku tatu, akawazuia watu wote wasiyaguse. Ndani pia kulikuwa na chungu cha loshoro, makande yaliyochanganywa na maziwa.

Akanyoosha kikombe mbele yake, mahali alipodhani mikono yangu ipo. Alipatia.

"Asante sana, Koko," nikasema, nikakishika na mikono miwili, nikakirudisha mikononi mwake polepole kwa adabu yote niliyofundishwa. "Nimefunga leo. Jua likizama nitakunywa, Inshallah."

Na nikangoja ile "pole".

Hakusema pole. Alikiweka kikombe chini, pembeni ya mguu wake, akasema maneno machache. Mke wa mjomba akaingia ndani. Mjomba akawa anaangalia zizi.

"Amesemaje?"

"Ameongea tu."

"Mjomba, niambie."

"Amesema kikombe ni kilekile."

Nikatabasamu kwa kuwa sikuelewa. Mjomba akanivuta mkono mpaka nyuma ya zizi, ndipo akaniambia, kwa sauti ile ya chini. Mama alipoolewa, wiki ya tatu alikuja na baba kusalimia. Koko akammiminia maziwa kwenye kikombe hiki, mbele ya ndugu wote. Mama akakishika, akakiangalia, akakirudisha. Hakueleza kitu. Koko akamwambia, mtu asiyekunywa maziwa yangu sina kingine cha kumpa. Mama akainuka, wakaondoka, na hapo ndipo mwisho.

"Wewe umekirudisha vilevile," mjomba akasema. "Hata mikono miwili ni vilevile. Yeye haoni, lakini ameisikia."

Akaniacha pale.

Nilikuwa sijaswali alasiri. Nikatayamamu kwa vumbi, maji huko ni ya kubebwa mbali, nikaswali palepale, nikabaki nimekaa. Sasa hapa, jamaa zangu, sitawadanganya. Jambo lilikuwa jepesi. Ustadhi wetu alitufundisha toka tukiwa wadogo kwamba saumu ya sunna mtu ana hiari nayo, na mgeni akiandaliwa na mwenyeji akavunjika moyo, anaweza kula na kuifunga siku nyingine. Nilijua. Mama aliniambia usikatae. Mzee Salimu alinihesabia mpaka siku zilizobaki. Lakini sikuinuka. Nilikaa nikipatana na nafsi yangu kama watu wa mnadani. Imebaki saa moja na nusu tu. Nikimwomba msamaha, ataelewa. Nimetembea juani kutwa, iende bure kweli? Ya sita? Mtu anavunja ya pili, anavunja ya tatu, nani anavunja ya sita?

Na katikati ya mapatano hayo nikamwona Shafii. Si Mungu niliyemwona, ni Shafii, ameshika kikombe cha kahawa, anasema, "Bwana Nne, haya, leo tumekuvua jina." Nilikuwa nimeshaandaa mpaka jibu la kumpa.

Nikaona aibu, na nilikuwa peke yangu na ng'ombe. Mwaka jana nafsi yangu ilitaka nile, nikala. Mwaka huu ikataka nisile, na mimi nikaita hiyo ni ucha Mungu. Ni ileile. Ilikuwa imebadilisha nguo tu. Toka Ngaramtoni nilikuwa nailisha, "pole" moja baada ya nyingine, ndiyo maana sikuona njaa. Ilinishinda kuacha chakula mwaka jana. Sasa ilikuwa inanishinda kuacha sifa.

Hata hapo sikuruka kusimama. Nilikaa mpaka kivuli cha miiba kikafika kwenye goti langu. Niliogopa pia. Labda Koko hatakubali tena.

Niliporudi kikombe kilikuwa palepale chini. Hakuna aliyethubutu kukiondoa. Nzi wawili wanazunguka ukingo. Koko hajasogea.

"Koko," nikasema, "naomba maziwa yangu."

"Jua bado lipo," akasema kwa Kiswahili. "Nalisikia usoni."

"Lipo."

"Umefunga."

"Nitafunga siku nyingine. Leo nimekuja kwako."

"Lomayani amekwambia maneno."

"Ameniambia. Lakini miguu iliyonileta hapa mlangoni ni yangu, Koko. Imevimba, ukitaka ishike."

Hakuishika. Hakuniinulia kikombe pia. Nikainama nikakichukua mwenyewe, nikafukuza nzi, nikasema bismillahi kwa sauti, nikanywa. Yalikuwa makali, baridi, yana moshi, mabonge yanateleza. Koko aliinamisha kichwa upande wangu. Alikuwa hanioni, ila alikuwa anasikiliza koo langu. Sikupumzika mpaka nikafika chini. Nikagonga kikombe kwa ukucha ili asikie kwamba kitupu.

Akapapasa kibuyu.

"Lete," akasema.

Akamimina cha pili. Na cha tatu. Cha nne nikamwambia, "Koko, nitapasuka," akasema, "Pasuka, shamba ni letu." Mjomba akacheka kwa pumzi ndefu, kama mtu aliyekuwa ameishika toka zamani. Mke wake akatoa loshoro. Koko akala chapati yangu, akasema ni ngumu kidogo. Ngumu, za jana hizo, sikubishana naye.

Nilipoaga kesho yake asubuhi, alinishika tena masikio yote mawili.

"Mwambie Naserian aje," akasema. "Aje na mdomo wake."

Kurudi

Kurudi hakuna cha kusimulia isipokuwa tumbo. Mtu aliyefunga siku tano mfululizo akaingiza vikombe vinne vya mgando na loshoro juu yake, safari yake ya kurudi ni ya vituo vingi. Mzee Massawe alisimamisha lori mara tatu, na hakunitangaza kwa mtu. Nikamwomba radhi kwa lile neno la belti. Akasema, "Neno gani?" na nadhani analikumbuka.

Mama alikuwa mlangoni.

"Ulipewa nini?"

"Maziwa."

"Ukanywa?"

"Kwanza nilikataa. Halafu nikanywa."

Akakaa kwenye ngazi. Ndipo akaniambia na yeye. Siku ile alikuwa na wiki tatu katika Uislamu, hajui chochote, shangazi mmoja wa baba amemwambia awe mwangalifu na vyombo vya watu. Akakishika kikombe, hajui kama inafaa, anaona haya kuuliza mbele ya ndugu, anaogopa kumkosea Mungu aliyemjua juzi tu. Akakirudisha. "Baadaye nilijua maziwa hayana neno," akasema. "Lakini nilikuwa nimeshanuna. Kununa kukanoga." Alilia kidogo, nikamkandia unga badala ya kusema maneno, kwa kuwa sina maneno ya mambo kama hayo.

Mama ameondoka leo asubuhi. Nimempeleka na begi lake mpaka kwenye lori la Mzee Massawe. Alikuwa hajala kitu toka jana, wasiwasi. Nikamwambia ale hata chapati, akasema, "Naacha nafasi."

Kwa hiyo Shafii, jibu lako ni hili: sikumaliza. Niite Bwana Tano ukitaka, haliniumi tena, au linaniuma kidogo tu. Ila msiniulize kama ile moja nimeshailipa. Shawwal bado ina siku. Mkiniona nimekaa barazani sijashika kikombe cha kahawa, huenda sina hamu tu. Msihesabu.